Tairi lisiloogopa pancha: yanayosemwa kuhusu magari ya kale, na ukweli wake

Wengi huamini kwamba tairi linaloweza kubeba gari baada ya kuishiwa upepo lilianza na magari ya kifahari ya Kijerumani ya miaka ya 2000. Si kweli hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1930, Goodyear ya Marekani ilikuwa tayari inauza tyubu ya usalama iliyoitwa LifeGuard. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni hiyohiyo ikashirikiana na Chrysler kuleta Captive-Air, tairi lenye vyumba viwili vya upepo, likafungwa kwenye stesheni wagoni zenye kiti cha tatu nyuma, mahali ambapo spea ingekaa. Mwaka 1972 Dunlop ya Uingereza ikatambulisha tairi lililokuja kuitwa Denovo, na mwaka uliofuata mnunuzi wa Rover 3500 aliweza kuliagiza pamoja na gari lake. Jeshi lilikuwa mbele ya Captive-Air na Denovo. Daimler Dingo, gari dogo la upelelezi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, halikubeba spea kabisa, kwa sababu matairi yake yalikuwa na mpira mnene kiasi kwamba risasi haikuyazuia kwenda.

Kosa linalozaa makosa mengine ni kudhani kwamba vifaa hivi vyote vilifanya kazi moja. Kazi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kumpa dereva muda wa kusimama salama tairi linapopasuka. Ya pili ni kuziba tundu ili upepo usitoke. Ya tatu ni kuendelea na safari tairi likiwa halina upepo. Kifaa kilichofanya moja vizuri mara nyingi hakikugusa nyingine, na ukizichanganya utailaumu LifeGuard kwa jambo ambalo haikuahidi.

LifeGuard haikuwa tairi. Ilikuwa tyubu, na ndani yake mlikuwa na chumba cha pili cha kitambaa kilichopakwa mpira, kidogo kuliko tyubu yenyewe. Vyumba hivyo viliunganishwa na kitundu chembamba. Tairi likipasuka, upepo wa nje ulitoka mara moja, lakini ule wa ndani ulilazimika kupenya kwenye kitundu kile, kwa hiyo ulitoka polepole. Gari lilishuka kidogo badala ya kuanguka upande mmoja, na dereva alibaki na usukani wake mpaka aliposimama kando ya barabara. Kisha alibadilisha tairi kama mtu mwingine yeyote. Anayesema LifeGuard ilikuwezesha kufika nyumbani anaipa sifa isiyo yake, na anayesema haikufaa kitu kwa kuwa ulibaki umekwama hajafikiria maana ya tairi la mbele kupasuka ghafla katika mwendo wa kasi. Mimi naihesabu kuwa moja ya hatua kubwa za usalama wa gari kabla ya mikanda ya viti, ingawa haitajwi sana.

Kuhusu matairi ya kujiziba, nimesikia mara nyingi kwamba yametokana na matenki ya mafuta ya ndege za kivita. Jina linafanana, utendaji haufanani. Tenki la ndege lilikuwa na tabaka la mpira ambao haujapikwa kwa salfa. Risasi ikipita, petroli inaugusa mpira huo, unavimba na kufunga tundu. Ndani ya tairi hamna petroli ya kuvimbisha chochote. Tairi la kujiziba lilitegemea tabaka la ulimbo mzito uliopakwa ndani, chini ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara. Msumari ukiingia, ulimbo unaung'ang'ania; msumari ukichomoka, mgandamizo wa upepo wenyewe unausukuma ulimbo uingie kwenye tundu.

B.F. Goodrich ya Akron, Ohio, ilitangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947, kazi ya mhandisi wake Frank Herzegh, aliyepata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1952. Kufikia 1955 magari mengi mapya ya Marekani yalitoka kiwandani na matairi ya aina hiyo. Kutokana na historia hiyo watu husema kila tairi lisilo na tyubu hujiziba lenyewe. Hapana. Goodrich iliuza Life-Saver, lisilo na tyubu na lenye ulimbo ndani, lakini matairi ya kawaida yaliyofuata yalikuwa na tabaka la kuzuia upepo tu. Yanaonekana kujiziba kwa sababu mpira wake haujavutwa kama tyubu: msumari ukibaki palepale, unaubana, na upepo unatoka kwa saa nyingi badala ya dakika. Ukiuchomoa, upepo unatoka. Na hata Life-Saver yenyewe haikuwa na la kufanya ubavu ukichanika, maana ulimbo uliwekwa chini ya kashata pekee.

Sasa tuje kwenye kazi ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote. Dhana iliyoenea ni kwamba ukitaka tairi litembee bila upepo, inatosha kuongeza unene wa ubavu. Wahandisi wa Dunlop walijua kwamba tairi tupu lina maadui wawili. Wa kwanza ni ringi yenyewe. Ringi ya kawaida ina bonde katikati, ambalo bila hilo fundi asingeweza kuvalisha tairi. Upepo ukiisha na gari likikata kona, ukingo wa tairi huteleza na kuingia kwenye bonde hilo, kisha tairi linachomoka na chuma kinabaki kikikwaruza lami. Adui wa pili ni joto. Ubavu uliokunjika hujisugua wenyewe kila gurudumu linapozunguka, na katika kilomita chache mpira unaungua na nyuzi zinaachana.

Denovo ilijibu yote mawili. Ringi yake ilikuwa nyembamba, ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, bila bonde, kwa hiyo ukingo wa tairi haukuwa na pa kuangukia. Kuizunguka ringi kulipangwa vikopo vidogo vyenye kimiminika. Tairi liliposhuka lilivibana vikopo vikapasuka. Kimiminika kikalainisha ndani ili kuta zisisuguane, kikaziba tundu kama ni dogo, na mvuke wake ukarudisha mgandamizo kidogo. Dunlop iliahidi maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hakuna aliyeahidi kwamba ungeendelea kama kawaida.

Basi kwa nini Denovo hatuzioni leo? Jibu linalopendwa ni kwamba wenye viwanda walizificha ili wauze matairi mengi zaidi. Lakini Dunlop iliitangaza Denovo, ikaipeleka kwenye Mini 1275GT, na baadaye Austin Metro ikapata mrithi wake wa miaka ya 1980. Kilichoiangusha ni bei, ringi isiyokubali tairi lingine, na ukweli kwamba ukipata pancha mbali na fundi mwenye vifaa vyake hukuwa na pa kwenda baada ya kilomita zile 160. Wakati huohuo barabara ziliboreka, matairi ya kawaida yakawa imara, na hofu ya pancha ikapungua.

Wapo pia wanaosema kwamba tairi la mpira mtupu la mwanzo wa magari lingetosha, na upepo ulikuwa anasa. Katika mbio za Paris–Bordeaux–Paris za 1895, Émile Levassor alifika wa kwanza juu ya mpira mtupu kwa saa 48 na dakika 48, huku ndugu Michelin, waliotumia matairi ya upepo, wakihangaika na pancha njia nzima na kumaliza nje ya muda. Hata hivyo miaka michache tu baadaye magari ya mbio yalitembea juu ya upepo. Mpira mtupu hauepushi mtikisiko, na mtikisiko ulivunja magurudumu, springi na migongo ya watu.

Kwa wanaomiliki magari haya leo: Denovo yenye kashata nzuri si tairi zuri. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na vimiminika vya miaka ya 1970 havina cha kuaminika. Wengi wamehamia ringi na matairi ya kawaida, nami naona wamefanya sawa. Ringi za spoku za kale hazishiki upepo bila tyubu, kwa sababu kila spoku inapita kwenye tundu. Na dawa ya kuziba pancha inayouzwa kwenye chupa isitegemewe ndani ya tyubu: tyubu iliyojazwa imevutwa, tundu lake hupanuka, na dawa ikitulia chini gari likiwa limesimama miezi mingi, gurudumu linapoteza mizani siku ya kwanza ya kuliendesha tena.