Je, wajua kwa nini sarafu ile ile inaweza kupata gredi (namba ya ubora wake) 62 leo na 63 mwakani, na ni lini inalipa kuirudisha ipimwe tena?

Tuanze na sarafu ya kwetu kabisa. Mwaka 1916 vita imewabana Wajerumani huku, Waingereza wamefunga bahari, hela kutoka Ulaya haiingii, basi wakaamua kupiga za kwao palepale kwenye karakana ya reli Tabora, na dhahabu wakaitoa mgodi wa Sekenke kule Iramba. Ikatoka rupia 15, upande mmoja tembo kanyanyua mkonga, milima nyuma yake, herufi T chini, upande wa pili tai wa Kaiser. Zilipigwa 16,198 tu, alafu Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, ikawa basi.

Leo sarafu hiyo inagombaniwa minadani Ulaya na Marekani, na mara nyingi utaikuta imefungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo imeandikwa AU58 (AU ni iliyoguswa kidogo) au MS62 (MS ni ambayo haijatumika) au namba nyingine. Dhahabu iliyomo ni gramu tano na ushee, sasa bei haitokani na hizo gramu, inatokana na uadimu wake na hiyo namba. Ndo maana utakuta mtu mzima na akili zake anashika koleo anavunja kasha, anaitoa sarafu na kuituma tena kwa kampuni ileile iliyoipima mara ya kwanza, akiomba Mungu safari hii waandike 63.

Mtu asiyezijua hizi mambo atauliza, kwani sarafu imebadilika? Haijabadilika hata chembe. Kinachobadilika ni maoni.

Hizi namba zinaanzia 1 mpaka 70. Alizileta Mmarekani anaitwa William Sheldon mwaka 1949, na wala hakuwa anazifikiria sarafu zote duniani, alikuwa anashughulika na senti kubwa za shaba za zamani za Marekani. Wazo lake lilikuwa la bei: yenye gredi 70 iwe na thamani mara 70 ya yenye gredi 1. Hesabu ya bei ilikufa mapema ila namba zikabaki. Na huyu Sheldon bwana, baada ya kufa ndo ikagundulika alikuwa anabadilisha senti zake mbovu kwa nzuri za chama cha sarafu cha Marekani kule New York, anaweka yake hafifu anaondoka na safi. Yaani aliyetupa kipimo cha ubora ndo aliyekuwa anajipandishia gredi kwa mkono wake.

Kampuni za kupima sarafu zikaja baadaye, PCGS ilianza kazi 1986, NGC mwaka uliofuata, na hao ndo wanaoziweka sarafu kwenye kasha na kuzidhamini. Kwa kifupi kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijatumika kabisa, 50 mpaka 58 imeguswa kidogo tu, na 70 ni ile ambayo hata ukiikuza mara tano huoni dosari iliyoipata baada ya kupigwa.

Sasa kati ya 62 na 63 kuna nini? Kuna macho ya binadamu, basi. Wapimaji wanaiangalia chini ya taa, kila mmoja anaandika namba yake bila kumuuliza mwenzake, mwisho namba moja inapitishwa, na kila sarafu inapata sekunde chache maana foleni ni ndefu. Sarafu iliyokaa katikati ya 62 na 63 ikikutana na mpimaji aliyetoka kuangalia sarafu kali tano mfululizo itaonekana hafifu, ikikutana naye baada ya takataka tano itaonekana malkia. Juu ya hapo viwango navyo vinasogea na miaka, wakusanyaji wengi wanaona kilichoitwa 64 zamani siku hizi kingepewa 65, na mi nakubaliana nao.

Kwa hiyo swali la "je sarafu yangu ni nzuri kuliko lebo inavosema" karibu kila mtu atajibu ndio, kila mzazi mtoto wake mzuri. Swali lenye maana ni pengo la bei kati ya gredi uliyonayo na inayofuata ni kubwa kiasi gani.

Tuseme, mfano wa kubuni huu, gredi yako ya sasa inauzwa dola 400, ya juu yake 900, na kurudisha ukijumlisha ada, posta na bima ni dola 90. Ikipanda unaongeza 500. Lakini haipandi kila mara, tuseme nafasi ni moja kwa tano. Moja ya tano ya 500 ni 100, toa 90, umebaki na dola 10 za kufikirika. Alafu kama umevunja kasha kuna nafasi ishuke, tuseme moja kwa kumi, na ikishuka unapoteza 150, hiyo ni 15 nyingine ya kutoa, tayari uko chini kwa dola 5. Na ukiwa king'ang'anizi ukairudisha mara tano ada peke yake ni 450, imekula karibu faida yote hata kama mara ya tano imepanda. Wengi wanaoposti ushindi wao hawakwambii walituma mara ngapi.

Angalia dola ya fedha ya Marekani aina ya Morgan uone pengo linavyocheza. Ya 1881 ya San Francisco ipo tele na mara nyingi ni safi na inang'aa, kutoka 63 kwenda 64 pengo ni dogo, ada inalimeza, hiyo iache hata kama una uhakika asilimia mia. Ya 1884 ya San Francisco hiyohiyo ni habari nyingine. Zilipigwa milioni 3.2, zikatumika sana, kwa hiyo zilizochakaa ziko kila kona ila ambazo hazijatumika ni adimu kweli, bei inaruka kama swala ukivuka kutoka 58 kwenda sitini na kitu. Hapo mtu anavunja kasha na naelewa kwa nini. Ila elewa pia kwamba mpimaji naye anajua hilo pengo, akiona 1884 ya San Francisco mbele yake anaichunguza mara mbili, hakugawii 60 kama pipi.

Kabla ya kuvunja chochote kaa nayo chini ya taa moja, sio mwanga wa dirishani, izungushe taratibu. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka nao kama miale ya gurudumu, na pale palipoguswa ule mng'ao unakatika, panakuwa na rangi ya kijivu iliyokufa. Angalia sehemu zilizoinuka kwanza, kwenye Morgan ni shavu, nywele juu ya sikio, kifua cha tai. Mikwaruzo nayo sio sawa yote, mmoja katikati ya shavu unaumiza kuliko mitano iliyojificha kwenye nywele. Morgan zilikaa kwenye magunia ya sarafu elfu moja moja, kilo 26 na zaidi za fedha zinagongana, kwa hiyo alama zipo tu, swali ziko wapi.

Kwenye ya Tabora kuna mtego wa ziada. Ilipigwa kwa vifaa vya karakana wakati wa vita, haishangazi ukikuta sehemu pigo halikukaa sawasawa, na pigo hafifu kwa jicho la haraka linafanana na kuchakaa. Kama AU58 yako ina mng'ao kamili hata pale palipo na ubapa basi unayo hoja ya kweli ya kuirudisha. Kama ubapa umekuja na ule ukijivu, ni mikono ya watu hiyo, acha.

Na tafadhali usiisafishe "ili ipate namba nzuri". Kwetu shaba inasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka inacheka, kwa sinia la bibi ni sawa. Ila pysa, sarafu ya shaba ya Sayyid Barghash ya 1882, ile yenye mizani, ukiifanyia hivyo umeiua, wataandika imesafishwa na haitapata namba kabisa. Hilo ndo linalowakuta pia wanaovunja kasha, sarafu ilikuwa na namba zamani, imetoka, mpimaji wa leo anaona mistari ya kitambaa ambayo yule wa zamani aliisamehe, inarudi bila namba. Ulikuwa na 62, sasa una kasha linalosema ni halisi ila imesafishwa.

Kuvunja sio njia pekee. Unaweza kuituma ikiwa ndani ya kasha lake waitazame upya, kwa PCGS ukichagua ile huduma ya kutathmini bila kutoa, wakiona haistahili kupanda inarudi ilivyokwenda. Ubaya wake ni kwamba mpimaji anaiona namba ya zamani na binadamu akishaona 62 mawazo yake yanakaa hapohapo. Au unaipeleka kampuni nyingine na unaandika gredi ya chini kabisa unayokubali, isipofika wasiitoe. Kwa sarafu za Marekani kuna kampuni ya CAC inayozikagua zilizokwisha pimwa, ilianza 2007, wanabandika stika juu ya kasha, ya kijani maana yake namba hiyo imeshiba, ya dhahabu maana yake wanaona ilistahili zaidi. Ukipata ya dhahabu, usikimbilie kuvunja, wanunuzi wengi wanalipa zaidi kwa hiyo stika yenyewe.

Vivyo hivyo makasha ya zamani. Yale ya kwanza ya PCGS, kuanzia 1986, sarafu inacheza ndani ukiitikisa inalia kama kayamba, kuna watu wanakusanya hayo mapulastiki kwa sababu wanaamini gredi za enzi hizo zilikuwa kali. Mtu anavunja kasha la namna hiyo kutafuta pointi moja, anapata ileile kwenye kasha jipya, amelipa ada ili sarafu yake ishuke bei.

Kwa sisi tuliopo huku posta na bima ndo kisu, safari ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi ada ya kupima. Bora usitume moja, subiri ziwe kadhaa au ungana na wenzako. Kwa ya Tabora angalia na kitu kingine kabisa, ziko za aina mbili kulingana na pale pambo linapoishia chini ya maandishi, chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA, na kama lebo yako haijataja aina, hilo ni jambo la kuwaomba waandike hata kama namba haitapanda.

Na ukishavunja, ile lebo ya karatasi usiitupe, irudishe kwa kampuni waifute kwenye hesabu yao. Wasiporudisha watu, sarafu moja iliyotumwa mara nne inahesabika kama sarafu nne, alafu mnunuzi anasoma kwenye orodha kwamba ziko nyingi kwenye gredi hiyo, bei inashuka, na wa kwanza kulalamika anakuwa yuleyule aliyezituma.