Gitaa la mtumba lenye tremolo: kulifanya lishike tyuni

Gitaa la umeme la mtumba lenye tremolo, ule mkono unaoyumbisha briji ili kupandisha au kushusha sauti, huuzwa bei poa kwa lawama moja: halishiki tyuni. Mnunuzi hukimbilia kubadilisha funguo za kutyunia, na baada ya kutumia hela tatizo linabaki palepale. Funguo huwa na makosa mara chache sana. Karibu kila mara kinacholiangusha gitaa hili ni mambo mawili: nguvu ya springi hailingani na nguvu ya nyuzi, na uzi unakwama mahali unapotakiwa kuteleza.

Hapa nazungumzia tremolo ya Stratocaster, iliyotoka kwa Fender mwaka 1954, pamoja na kopi zake zisizo na idadi. Briji ni bamba la chuma linaloegemea skrubu sita upande wa shingo. Matoleo mengi ya kisasa yana nguzo mbili badala ya hizo sita. Chini ya bamba kuna bloku zito la chuma linaloingia ndani ya mwili wa gitaa. Fungua kifuniko cha nyuma utaona springi tatu hadi tano zikivuta bloku hilo kuelekea ukucha wa chuma, nao ukucha umeshikwa na skrubu mbili ndefu kwenye mbao. Nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, na briji hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ndiyo maana ukigusa uzi mmoja tu, mitano mingine inahama.

Kabla ya kununua nyuzi mpya, angalia kama gitaa lenyewe linastahili. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani: upinde mdogo unarekebishika, lakini shingo iliyojipinda kama parafujo irudishe kwa mwenyewe. Pitisha kidole kwenye freti za kwanza, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, uone kama nyuzi zimechimba mitaro. Zungusha mkono wa tremolo kwenye tundu lake, maana mitaro ya skrubu iliyo ndani ya tundu hilo ikilika mkono utalegea daima na bloku jipya ndilo dawa. Mwisho, vitandiko sita vinavyobeba nyuzi kwenye briji: kila kimoja kina viskrubu viwili vidogo vya alenkii (ufunguo wa pembe sita), na kwa magitaa yaliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi huwa imeshavila. Usivilazimishe. Tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya kijiti cha meno, liache usiku kucha, futa, ndipo ujaribu. Alenkii yake kwa kawaida ni milimita 1.5 au inchi 0.050. Mbili hizi zinafanana machoni, na kutumia isiyo yake ndiko kunakoharibu kichwa cha skrubu.

Sasa amua: unataka briji ielee au ilale juu ya mbao? Ikielea unaweza kupandisha na kushusha sauti, lakini uzi ukikatika katikati ya onyesho yote mingine inapanda papo hapo, na ukiuvuta uzi mmoja kwa kidole mingine inashuka. Kwa mpiga solo wa bendi ya dansi asiye na gitaa la akiba nyuma ya jukwaa, mimi napendekeza ilale: weka springi tano, kaza ukucha hadi bamba liguse mbao na lisinyanyuke hata ukivuta uzi. Bado utaweza kushusha sauti kwa mkono. Anayetaka ielee aendelee kusoma polepole.

Chagua saizi ya nyuzi mapema, 9 hadi 42 au 10 hadi 46 (unene wa uzi wa kwanza, ulio mwembamba, hadi wa sita, ulio mnene, kwa sehemu za elfu za inchi), na ubaki nayo. Ukibadilisha saizi kesho, kila kipimo kilicho hapa chini unakianza upya. Kwa 9 springi tatu kwa kawaida zinatosha. Kwa 10, ukiona skrubu za ukucha zinakaribia kuisha, ongeza ya nne.

Nyuzi zikiwa zimetoka, shughulikia egemeo. Kwenye briji ya skrubu sita, acha nafasi ya kama milimita 1.6 kati ya kichwa cha skrubu na bamba lililolala. Skrubu zilizokazwa hadi chini hulibana bamba, nalo kila likishushwa linarudi mahali tofauti. Kwenye nguzo mbili, kagua makali ya bamba yanayoegemea nguzo: yakiwa na pengo au yamebonyea, hakuna marekebisho yatakayosaidia. Na usizungushe nguzo hizo nyuzi zikiwa zimekaza, kwa sababu hapo ndipo makali hayo yanapoliwa.

Funga nyuzi, mizunguko miwili au mitatu kwenye kila ufunguo, zivute kwa mkono mara kadhaa, tyuni, kisha pima upinde wa shingo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Unatafuta kama milimita 0.25. Huna filagegi, kile kipimo cha nafasi nyembamba? Kata kipande cha uzi wa saizi 10: unene wake ni inchi 0.010, ambayo ndiyo hiyo milimita 0.25. Nafasi ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa kuizungusha kulia, robo mzunguko kwa wakati, kisha tyuni na upime tena. Ikigoma, acha. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni gharama kuliko gitaa.

Inafuata mizani ya springi kwa briji inayoelea, hatua inayowachosha watu kwa sababu wanatyuni, briji inanyanyuka, wanakaza ukucha, tyuni inapanda, wanashusha, na jioni inawakuta hapo hapo. Kuna njia fupi. Kipimo cha kawaida cha nyuma ya bamba la skrubu sita ni milimita 3.2 juu ya mbao, nayo ni unene wa biti ya drili ya inchi 1/8. Kwa nguzo mbili ni milimita 2.4, yaani biti ya inchi 3/32. Kaza skrubu za ukucha mpaka springi zishinde nyuzi na bamba lilale. Bandika utepe wa karatasi kwenye rangi isikwaruzwe, nyanyua bamba kwa mkono wa tremolo, ingiza chini yake upande laini wa biti, achia. Sasa briji haiwezi kwenda chini zaidi, kwa hiyo tyuni nyuzi zote sita kwa utulivu. Kisha geuza gitaa, legeza skrubu mbili za ukucha robo mzunguko kila moja, ukijaribu kuchomoa biti kila mara. Ikianza kuteleza bila kulegea kabisa, simama. Itoe, na tyuni itakuwa karibu kabisa na ulipoiacha. Ukipima kwa sikio, vuta mkono juu hadi mwisho: uzi wa tatu unatakiwa kupanda nusu toni tatu, wa pili toni nzima, wa kwanza nusu toni.

Ukiwa huko nyuma, tazama waya wa ethi uliolehemiwa kwenye ukucha. Ukikatika, gitaa litanguruma hata ukishika nyuzi.

Kimo cha nyuzi kipime kwenye freti ya 17. Kwa ubao wa shingo ulio bapa kiasi, wenye mviringo wa inchi 9.5, milimita 1.6 kote ni mwanzo mzuri. Shingo za zamani zenye mviringo wa inchi 7.25 zinataka 2.0 upande mnene, la sivyo uzi unaovutwa unazimika juu ya freti. Anayepiga rumba kwa sauti safi asishushe sana, kwani pale hakuna kelele ya kuficha mkwaruzo wa freti.

Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, zishushe kabla ya kugusa urefu wa nyuzi, yaani umbali wa kila kitandiko kutoka shingoni. Bana freti ya mwisho, acha milimita 2 chini ya uzi wa sita na 1.6 chini ya wa kwanza. Sumaku zikikaribia mno zinauvuta uzi, hasa ule mnene, ukasikika kama una sauti mbili zinazogombana, na tyuna ya simu inayumbayumba. Mtu akiweka urefu wa uzi katika hali hiyo anapima sumaku. Zikishashuka, linganisha sauti nyepesi ya freti ya 12, kidole kikigusa uzi bila kubana, na sauti ya kubana freti hiyohiyo. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kitandiko mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete karibu. Legeza uzi kwanza, na tyuni zote sita kabla ya kupima tena.

Tyuni ikibaki kuhama, gitaa lenyewe litakwambia linakwama wapi. Shusha mkono wa tremolo hadi nyuzi zilegee, achia, angalia tyuna. Uzi mmoja ukirudi juu kuliko ulivyokuwa, umekwama kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kati ya shingo na kichwa. Uzi huohuo ukiuvuta kwa kidole utarudi chini, na mara nyingi unasikia “tink” wakati wa kutyuni. Paka unga wa penseli laini kwenye mtaro wake na chini ya vile vijibati vinavyokandamiza nyuzi kichwani. Unga huo usipotosha, mtaro ni mwembamba kwa saizi uliyochagua na unahitaji tupa ya fundi. Nyuzi zote zikirudi juu au chini pamoja, acha nati, rudi kwenye skrubu sita.