Kabla ya viatu vya pointi: kifundo, kisha sakafu

Wazazi wanaoleta mabinti kwenye baleti hapa Dodoma huuliza mapema sana: atavaa lini viatu vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole? Chini ya miaka 11 sikubali, kwa sababu mifupa ya mguu bado inakua. Hata akivuka umri huo, nataka awe amefundishwa miaka miwili au mitatu mfululizo, angalau mara mbili kwa wiki. Hapo ndipo ninapompima.

Mtoto anakaa chini, miguu imenyooka, anachongoa wayo mpaka mwisho. Laza rula kutoka ugokoni hadi juu ya wayo. Wayo ukiiinua rula, kifundo hakijafunguka vya kutosha, na juu ya pointi atalazimika kukunja magoti. Kisha asimame kwa mguu mmoja, goti limenyooka, apande kwenye vidole na kushuka mara 20. Msitosheke na hesabu. Mtazameni kwa nyuma. Akichoka, kifundo humwagikia nje na uzito wote kuangukia kidole kidogo. Hivyo ndivyo mguu unavyoteguka. Kikimwagika kabla ya kumaliza, bado hajawa tayari, hata kama ana bidii kiasi gani.

Ncha ya kiatu chenyewe si chuma wala mbao. Kwa kawaida ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Ndiyo maana mazoea yetu ya kununua kiatu kikubwa, "atakikulia", hapa yanaumiza: mguu unadidimia ndani na dole gumba linabeba mwili mzima, kucha inaiva damu. Kikiwa kifupi, vidole vinajikunja. Kinachofaa hubana pande zote huku vidole vimenyooka, na akipanda juu unaweza kufinya kitambaa kidogo tu kisiginoni. Somo la pointi lianze kwa dakika 10 hadi 15 mwishoni mwa darasa, mikono yote miwili kwenye baa, yaani fito ya kushikilia wakati wa mazoezi. Baada ya hapo viatu visifungiwe kwenye mfuko wa plastiki, jasho hulainisha gundi; vitundikwe kivulini, upepo wetu mkavu utavikausha vizuri.

Linalonisumbua zaidi ni sakafu. Kumbi nyingi zina zege au marumaru, na mtoto akiruka kila wiki juu ya zege, ugoko huanza kuuma, baadaye mfupa hupata ufa. Fundi seremala anaweza kutengeneza sakafu inayonesa: vipande vya sponji ngumu chini, papi zilizopishana juu yake, halafu plaiwudi tabaka mbili, maungio ya juu yasikutane na ya chini. Usiipigilie kwenye zege, itapoteza mneso. Juu tandika zulia la plastiki lisiloteleza, na kila kabla ya darasa pitisha kitambaa chenye unyevu. Vumbi la kiangazi huligeuza kuwa utelezi.

Anayewaza kazi ya baleti ajue ni ya mapema na ni fupi. Shule ya Vaganova ya Urusi hupokea watoto wa miaka 10 hivi na kuwafundisha miaka minane. Kundi la baleti la Opera ya Paris hustaafisha wachezaji wakiwa na miaka 42. Lakini Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupanda daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la New York. Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa mtoto wa Dodoma, ila akiufikia ujana atahitaji mazoezi karibu kila siku.

Shule nyingi na mashindano kama Prix de Lausanne, ya vijana wa miaka 15 hadi 18, huchuja kwanza kwa video. Weka simu kwenye kitu imara, usawa wa kiuno, ilazwe kwa upana. Miguu isikatwe hata wakati wa kuruka. Avae nguo ya kubana, magoti yaonekane, na ukuta wa nyuma uwe mtupu.