Nini maana ya shinikizo la kimataifa dhidi ya ukaliaji haramu?

Nchi ikitawala kwa nguvu za kijeshi ardhi isiyo yake, tunasema inaikalia kwa mabavu. Shinikizo la kimataifa ni hatua zote ambazo mataifa mengine huchukua ili mkaliaji aondoke: maazimio ya Umoja wa Mataifa, kesi mahakamani, vikwazo vya silaha na biashara. Hotuba za kulaani ndizo husikika zaidi, lakini hazina uzito mkubwa. Penye uzito ni pale nchi zinapokataa kumtambua mkaliaji na kukataa kunufaika naye.

Namibia inalionyesha hili vizuri. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilifuta mamlaka ya Afrika Kusini juu ya eneo hilo mwaka 1966, lakini serikali ya Afrika Kusini mjini Pretoria ikagoma kuondoka. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka kwamba kuwepo kwake huko ni haramu, na kwamba nchi nyingine hazipaswi kuutambua utawala huo wala kuusaidia. Mahakama ikaweka tahadhari moja ya kiutu: usajili wa vizazi, vifo na ndoa usipuuzwe. Cheti cha mtoto aliyezaliwa Windhoek kingeheshimiwa, maana asiyestahili kuumia ni mwananchi.

Madini yalikuwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilipiga marufuku kuchimba au kusafirisha maliasili za nchi hiyo bila idhini ya baraza hilo. Hata hivyo urani ya mgodi wa Rössing iliuzwa Ulaya, na Marekani, Uingereza na Ufaransa zikatumia kura ya turufu kuzuia vikwazo. Kwa maoni yangu hapo ndipo shinikizo hukwama: sheria ipo, wanunuzi nao wapo. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, baada ya vita virefu vya SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, na mazungumzo magumu.

Julai 2024 mahakama hiyohiyo ilisema kuendelea kuwepo kwa Israeli katika maeneo ya Palestina inayoyakalia ni kinyume cha sheria, na ikazikumbusha nchi zote wajibu uleule: zisitambue, zisisaidie, na katika biashara zitenganishe Israeli na maeneo hayo. Septemba mwaka huo Baraza Kuu, kwa kura 124, likaitaka iondoke ndani ya miezi 12. Muda huo ulikwisha, na Israeli haikuondoka.