Je, wajua kwa nini 0/0 haimaanishi kuwa limiti haipo?

Chukua usemi (x² − 4)/(x − 2) na utafute limiti yake, yaani thamani ambayo usemi unaikaribia, x inapokaribia 2. Kwanza kabisa, pachika namba yenyewe, kwa sababu mara nyingi jibu hutoka palepale. Hapa halitoki: juu sifuri, chini sifuri. Wengi huandika "haipo" na kuhamia swali linalofuata. Wanakosea. Kama juu pangebaki 5 na chini 0, kweli tusingepata limiti. Lakini katika 0/0 juu na chini vinapungua kwa pamoja, na kinachotafutwa ni uwiano wao wakati vinapungua.

Jaribu kwa namba. x ikiwa 1.9, unapata 3.9. Ikiwa 1.99, unapata 3.99. Njoo kwa upande wa pili: 2.01 inatoa 4.01. Pande zote zinaelekea 4. Sababu utaiona ukiandika kiasi, yaani x² − 4 ya juu, kwa vigawo vyake, (x − 2)(x + 2). Kigawo x − 2 kipo juu na chini, unakifuta, unabaki na x + 2.

Lakini una haki gani ya kukifuta ikiwa ni sifuri? Mwaka 1734 mwanafalsafa wa Ireland, George Berkeley, aliwabana wanahisabati kwa hoja ya namna hiyo: mnagawanya kwa kitu mkisema si sifuri, kisha mnakigeuza sifuri. Jibu thabiti lilikuja karne ya 19, kwa kazi ya Augustin-Louis Cauchy na baadaye Karl Weierstrass. Limiti haiulizi kinachotokea x ikiwa 2. Inauliza kinachotokea jirani na 2, na huko x − 2 si sifuri hata mara moja. Ningepewa saa moja tu ya kufundisha limiti, ningeitumia yote hapa.

Penye kipeuo cha pili, kama (√(x + 9) − 3)/x x inapokaribia 0, hakuna kigawo kinachoonekana. Zidisha juu na chini kwa √(x + 9) + 3. Juu panakuwa (x + 9) − 9, yaani x, nayo inafutana na x ya chini. Inabaki 1/(√(x + 9) + 3). Pachika 0: jibu ni 1/6.

Kwa sin x / x, x inapokaribia 0, mbinu hizo mbili hazifui dafu. Usemi huu tunaubana katikati ya viwili. Pembe ikiwa ndogo na imepimwa kwa radiani (kipimo ambacho duara zima ni 2π), thamani ya sin x / x hukaa kati ya cos x na 1. Kwa x = 0.1, cos x ni takriban 0.9950 na sin x / x ni 0.9983. Kwa kuwa cos x inapanda kuelekea 1, iliyobanwa katikati nayo inafika 1. Ukipima kwa nyuzi, limiti inakuwa π/180, karibu 0.01745, ndiyo maana kalkulasi, hisabati ya limiti na mabadiliko, inashikilia radiani.

Wanafunzi wengi hukimbilia kanuni ya L'Hôpital, iliyochapishwa mwaka 1696 ingawa aliyeigundua ni Johann Bernoulli: tafuta derivativu (kasi ya badiliko) ya juu na ya chini, kisha pachika. Ni kanuni nzuri, lakini haiwezi kuthibitisha limiti ya sin x / x, kwa kuwa derivativu ya sini yenyewe hupatikana kwa kutumia limiti hiyohiyo.