Mama acheze densi ya mraba? Maswali na majibu kuhusu afya

Msomaji mmoja anayeishi Ohio, Marekani, ameniandikia kuhusu mama yake. Mama ana miaka 68, alitoka Tanga mwaka jana kuja kukaa na binti yake na wajukuu. Ana presha na kisukari, Kiingereza chake ni cha kuokoteza, na tangu baridi ianze hatoki nje. Sasa jirani, bibi wa Kimarekani, amemkaribisha kwenye densi ya mraba inayochezwa kila wiki ukumbini mtaani kwao. Binti hajui amwache aende au amzuie. Maswali yake nayajibu hapa, maana najua nyumba nyingi zina mama wa namna hii, amekaa dirishani anaangalia theluji.

Dada, kwanza hiyo densi ya mraba ni kitu gani?

Ni densi ya watu wanane, yaani jozi nne. Kila jozi husimama upande mmoja wa mraba, wote wakitazama katikati. Jukwaani yupo mwita hatua na maikrofoni yake: zungukeni, badilishaneni nafasi, piteni mgongo kwa mgongo, rudini nyumbani. "Nyumbani" ni pale jozi ilipoanzia. Hakuna anayejua mwita hatua ataita nini baadaye. Unasikia, unafanya.

Chimbuko lake ni densi za vijijini za Uingereza na kadrili za Ufaransa (nazo ni densi za jozi zilizopangwa mraba) zilizovuka bahari na walowezi hadi Marekani. Lakini ule uitaji wa hatua, ambao kwangu ndio moyo wa densi yenyewe, wanahistoria wanauhusisha sana na wanamuziki Weusi, wengi wao watumwa, waliopiga fidla kwenye densi za mabwana huku wakiwaelekeza wachezaji. Nalisema hili kwa sababu wazee wetu wakifika mlangoni wakaona kofia za kikauboi huhisi pale si pao. Ni pao pia.

Kuna mazoezi kweli, au ni kujiburudisha tu?

Mazoezi yapo. Muziki wake huenda mapigo kama 120 hadi 128 kwa dakika, na kila pigo ni hatua moja. Ni mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Wanacheza dakika 10 au 15, wanapumzika, wanaanza tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni moja haimalizi hesabu hiyo, lakini inaimega vizuri. Kipimo cha nyumbani ni hiki: akiwa anacheza aweze kuongea, ila kuimba kumshinde.

Misuli ya miguu ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imekuwa mvivu. Presha nayo hushuka taratibu kwa mwenye kufanya mazoezi bila kuacha. Hayo mawili hata kutembea kwa haraka kunayaleta.

Ninachokithamini zaidi hapa ni usawa wa mwili. Tukitembea barabarani tunakwenda mbele tu. Kwenye mraba mama atarudi nyuma, ataenda ubavu, atageuka robo, atageuka nusu. Na wazee huanguka wapi? Akigeuka jikoni na sufuria mkononi. Akirudi nyuma hatua moja ili mlango wa friji ufunguke. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki, na wengi ukiwaambia wasimame kwa mguu mmoja wameshika kiti, watafanya siku mbili kisha wachoke. Kwenye densi anayafanya hayo hayo bila kuyahesabu, tena ameshikwa mkono.

Nimesikia inazuia ugonjwa wa kusahau. Ni kweli?

Hapa tuwe waangalifu. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa New York, wote wamepita miaka 75. Kati ya shughuli za mwili walizoulizwa, kudansi peke yake ndiko kulikoendana na hatari ndogo ya kupata dimensia. Ni habari njema, lakini haithibitishi kwamba densi ndiyo iliyowakinga. Huenda ambaye ubongo wake umeanza kuchoka ndiye huacha kudansi mapema. Tena utafiti ule ulihusu kudansi kwa jumla, haukuipima densi ya mraba peke yake.

Hata hivyo, tazama kinachotokea. Mwita hatua anasema: mkono wa kushoto kwa jirani. Mama inabidi asikie, akumbuke kushoto ni upi, amtambue jirani (siyo mwenzi wake, ni yule wa upande wake mwingine), anyooshe mkono, azunguke, na kabla hajamaliza neno lingine limeshaitwa. Hawezi kukariri, kwa kuwa mpangilio hubadilika. Masikio, kumbukumbu na miguu vinatumwa kazi kwa mpigo mmoja. Mashine ya kukimbilia haimtumi mtu hivyo.

Kiingereza chake kitamwangusha?

Miito huitwa kwa Kiingereza karibu kila mahali, hata Japani na Ujerumani, na watu wa huko huijifunza kama mama atakavyojifunza: neno linaitwa, mwili unaonyeshwa. Ni maneno machache yanayorudiwa mno. Kulia na kushoto atavijua kwa miguu kabla ya kuviandika.

Kukosea atakosea. Nilikaa jioni moja kwenye ukumbi wa aina hii, nikamwona mama mmoja mgeni akigeukia upande usio wake. Mraba wote ukavunjika. Hakuna aliyeguna. Walijipanga mistari miwili, wakatulia, wakasubiri mahali pa kuingilia tena. Mzee aliyekuwa kuliani kwake akainua kiganja chake wazi mbele yake, kimya, ili ajue ni mkono gani utakaofuata. Wachezaji wazoefu wanaokuja kucheza na wanafunzi namna hii huitwa malaika.

Na huo upweke wake?

Usiuchukulie kama hali ya kuzoea tu. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa waraka mzima kuhusu upweke, akiuhusisha na ugonjwa wa moyo, kiharusi na dimensia. Mama aliyezoea kubishiwa hodi mara kumi kwa siku, leo anakaa saa nane nzima na televisheni.

Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2015 jaribio walilolifanya na wanafunzi wa Brazili: waliocheza kwa hatua zinazofanana walivumilia maumivu zaidi, na walihisi wako karibu zaidi na wenzao. Kwenye mraba kuna zaidi ya hilo, kwa sababu watu saba hawawezi kucheza. Mama asipofika, mraba una pengo, na watamuulizia.

Sisi ni Waislamu. Kushika mikono ya wanaume je? Na pombe?

Pombe haina nafasi. Desturi ya klabu nyingi ni kutokunywa kabla wala wakati wa densi. Mikono ni kweli, hushikwa na wote wa mrabani. Wanawake wawili wanaweza kuwa jozi, na wanawake wanane wakijikusanya wanakuwa na mraba wao. Kama moyo wake hautulii bila hivyo, muombe jirani awaulize, na uamuzi uwe wa mama mwenyewe.

Tahadhari gani tuchukue?

Amwone daktari wake kwanza, hasa kama amewahi kuumwa moyo. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, apime sukari kabla ya kwenda. Ikiwa chini ya 90 mg/dl ale kwanza kitu cha wanga, na abebe juisi kwenye mkoba. Dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo asiinuke kitini ghafla, na kwenye mizunguko ya kasi aruhusiwe kutembea tu.

Viatu viwe vya kufunika, vya kumtosha, na soli isiyong'ang'ania sakafu, maana soli ya kunata huukaza mguu wakati goti linageuka. Akirudi nyumbani mtazame nyayo. Mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilisikie.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, upande mmoja wa mwili kulegea: asimame, na mpige 911.

Na sisi tusio na klabu karibu?

Shelisheli, hapo tu mbele ya pwani yetu, wana kamtole, densi za jozi zilizotokana na hizo hizo za Ulaya, na kiongozi anayeita hatua wanamwita komander. Mnahitaji watu wanane, nafasi ya mita 3 kwa 3, muziki wa mapigo ya kutembea, na mmoja mwenye sauti. Aite kwa Kiswahili: kulia, kushoto, mgongo kwa mgongo, rudini nyumbani. Anzeni na miito minne.