Mashine ya kupukuchua haina jina moja

Muhula ukishachanganya, wanafunzi wa mwaka wa nne huanza kunijia. Mada za miradi zimeshapitishwa, msimamizi ameshawaambia wakasome kwanza wenzao wamefanya nini, na wao wameshatafuta usiku mmoja kwenye simu wakakata tamaa. Mmoja wao alikuja kaunta kwangu amenuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vipi?"

"Mada yangu haina kitu. Hakuna aliyeandika kuhusu mashine ya kupukuchua mahindi."

Nikamwuliza alitafuta kwa maneno gani. Akanigeuzia simu: "maize removing machine". Hapo nikajua kwamba vitabu vipo, makala zipo, kinachokosekana ni jina tu.

Mimi ni mkutubi wa sayansi na uhandisi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Watu wanadhani kazi yangu ni kugonga mihuri na kunyamazisha wanaopiga soga. Muhuri sijaushika siku nyingi. Sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kwenye majina: kitu anachokitaka mtu kinaitwaje na wale waliokiandika? Sikusomea uhandisi, nilisomea ukutubi, kwa hiyo nikikutana na neno nisilolijua namwomba mwanafunzi anichoree. Kijana huyu alichora pipa lililolala, ndani yake mhimili wenye meno, juu mdomo wa kumiminia mahindi. Mchoro ulinieleza zaidi ya ile mada yake yenye maneno kumi na sita.

Tukaanza upya na "maize sheller". Makala zikamwagika, nyingi za wahandisi wa Nigeria ambao wamelishughulikia jambo hili kweli kweli. Kisha "corn sheller", kwa sababu Mmarekani akisema "corn" anamaanisha mahindi. Hapo nikamtahadharisha: katika maandishi ya zamani ya Waingereza neno hilohilo ni nafaka yoyote, ngano na shayiri zikiwemo. Wapo pia wanaoandika "maize thresher", kana kwamba mahindi yanapurwa kama mpunga. Majina matatu, mashine ileile, na aliyetafuta kwa moja amekosa ya wengine.

Hata rafuni haina makao mamoja. Maktaba yetu inapanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo zana za kilimo ziko S, pamoja na mbolea na ng'ombe, na uhandisi mitambo uko TJ, ghorofa nyingine kabisa. Wanafunzi wa mitambo hawakanyagi S. Nimeshawabembeleza, nimeshabandika tangazo ukutani, bure.

Kwenye hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ndiko maneno yanakokusaliti zaidi. Anayeandika maombi ya hataza anataka ulinzi mpana kadiri iwezekanavyo, kwa hiyo mashine ya kupukuchua inaweza kuitwa kifaa cha kutenganisha punje na kile kilichozishika. Utalitafutaje jina la namna hiyo? Hutafuti jina, unatafuta alama ya kundi. Katika mpangilio wa kimataifa wa hataza, mashine za kupura na kupukuchua ziko A01F, iwe mwombaji ni Mjapani au Mbrazili. Tukafungua Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni ambayo ni bure, tukaweka A01F pamoja na neno la mahindi, michoro ikaanza kushuka. Kijana akaniuliza kwa sauti ya chini kama wenyewe hawatamshtaki. Nikamweleza kwamba hataza ina nguvu katika nchi ilikosajiliwa tu, na kwa kawaida haizidi miaka 20. Kama muda umekwisha, au haikuwahi kusajiliwa Tanzania, iwe kupitia BRELA, wakala wetu wa usajili, au kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu kule Harare, basi anaweza kuitumia hapa nchini. Akitaka kuuza mashine yake katika nchi ambako hataza bado iko hai, hilo ni jambo jingine.

Mahindi ukikosea jina, unapoteza wiki. Kwenye zege unaweza kupoteza jengo.

Wahandisi wengi wa ukanda huu walifundishwa kwa kiwango cha Uingereza cha kusanifu majengo ya zege, BS 8110. Kiliondolewa rasmi mwaka 2010, nafasi yake ikachukuliwa na Eurocode 2, kiwango cha Ulaya. Lakini kitabu hakifi kwa kuondolewa. Madaftari ya wahadhiri yapo, mitihani ya zamani ipo, na steshenari za jirani zinauza kopi. Basi mwanafunzi anakuja na kopi ya kiwango kimoja mkono huu na faili ya kingine mkono ule, anachota fomula huku na namba kule.

Tatizo ni kwamba hivyo viwango viwili haviliiti zege kwa namna moja. Katika BS 8110 ukisema zege la 30, ni nguvu ya mchemraba uliopasuliwa maabara baada ya siku 28. Eurocode inaandika C25/30: namba ya kwanza ni ya silinda, ya pili ni ya mchemraba. Zege ni lilelile. Mchemraba ni mfupi na mpana, na sahani za mashine ya kupimia zinazishika nyuso zake mbili zisitanuke, kwa hiyo unaonekana una nguvu kuliko silinda ndefu. Sasa, fomula za Eurocode zinataka ile ya silinda. Ukiingiza 30 badala ya 25, umeizawadia nguzo yako nguvu ambayo haina.

Mimi sipigi hesabu za nguzo, na sitaki kuzipiga. Ninachofanya ni kuuliza mwaka. Kopi nyingi zinakuja bila jalada wala kurasa za mwanzo, kwa sababu mwenye steshenari anaokoa karatasi, na mwaka uko hukohuko. Na mwaka una uzito. Toleo la 1985 la BS 8110 liliigawa nguvu ya nondo kwa 1.15, la 1997 likashusha hadi 1.05, na marekebisho ya 2005 yakarudisha 1.15. Ukiniambia tu "BS inasema", nitakuuliza BS ya lini. Najua wananiita mama wa mwaka. Sawa tu.

Wakemia walishalimaliza hili zamani kwa kuipa kila kemikali namba yake, namba ya CAS. Formaldehaidi, methanali, vyovyote utakavyoiita, ni 50-00-0. Formalini ya kwenye chupa ni hiyohiyo iliyoyeyushwa kwenye maji. Kabla ya kutafuta taarifa za usalama za kemikali yoyote, nipe namba.

Laiti na majina ya watu yangekuwa mepesi hivyo. Sisi tunaandika jina la mtu, la baba, la babu. Kanzidata za majarida zinadhani la mwisho ni la ukoo, zinayakata ya mbele yabaki herufi. Asha na Abdallah, baba yao Juma, wakiandika majina mawili tu wanageuka mtu mmoja: A. Juma. Na mhadhiri mmoja aliyesaini makala zake kwa namna tatu anageuka watu watatu, kila mmoja na theluthi ya sifa zake, mpaka siku ya kuomba kupandishwa cheo ndipo anakuja ofisini kwangu na jasho. Tiba ninayoijua ni ORCID, namba ya mtafiti yenye tarakimu 16, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Ni bure, na inachukua muda mfupi kuliko foleni ya chai.

Majarida nayo yana majina bandia: mtu anafungua tovuti yenye jina la jarida la kweli, anakusanya ada, anatoweka. Nikiletewa mwaliko wa kuchapisha, naangalia kwanza ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, na anwani ya tovuti, kabla hata ya kusoma pongezi zilizomo.

Yule kijana alimaliza mradi wake, na tasnifu ikaletwa kwangu niiingize kwenye orodha ya maktaba. Nilikaa nayo kidogo. Nimeiweka TJ, kwa kuwa S hawaendi. Kwenye maneno ya kutafutia nimeandika "maize sheller", "corn sheller" na "maize thresher". Bado kulikuwa na nafasi, nikaongeza "kupukuchua", halafu nikaongeza na "maize removing machine".